Sekunde za Namba Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeaibika leo mbele ya watu saba. Naandika ili aibu ipungue kichwani, maana tangu saa nne asubuhi nazungumza peke yangu kama kichaa.

Mambo yalikuwa hivi. Kliniki yetu ina chumba cha mazoezi ya viungo, na anayekiongoza wagonjwa wanamwita Kocha. Ana wagonjwa kumi na wawili wa magoti. Kabla hawajaanza mazoezi, alimpima kila mmoja: unakaa kwenye kiti, unainuka, unatembea hadi mstari uliochorwa sakafuni, unageuka, unarudi, unakaa. Saa inahesabu sekunde. Ukitumia chache, una nafuu. Wiki nane za mazoezi zitatimia wiki ijayo, atawapima tena, na mimi, mtakwimu wa kliniki, nitasema kama mazoezi yamesaidia au hapana. Yakiwa yamesaidia, makao makuu watayapeleka kliniki nyingine sita.

Daktari Mkuu akaniuliza kikaoni, "Utatumia jaribio gani la takwimu?"

Nikajibu papo hapo: lile la kulinganisha makundi mawili. Mgeni wa makao makuu akacheka. Hakuwa na ubaya, alicheka tu kama unavyomcheka mtu aliyevaa shati ndani nje. "Makundi mawili yako wapi, dada? Si watu walewale?"

Walewale! Kitu cha mwaka wa kwanza chuoni. Nilitamani meza inifunike. Na Rula, mwenzangu wa ofisini, aliinamisha kichwa. Tunamwita Rula kwa sababu hachori mstari bila rula, hata ule wa kufuta kosa. Najua alikuwa anacheka.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Ofisi inavuja upande wa Rula, si wangu. Nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Nimesoma kutwa. Watu wakiwa walewale, humlinganishi huyu na yule. Unamlinganisha mtu na nafsi yake. Kuna anayetembea polepole tangu ujana wake na kuna mwenye haraka zake. Ukiwachanganya, tofauti zao za kuzaliwa zinameza kile unachokitafuta. Kwa hiyo unachukua sekunde zake za mwanzo na za mwisho, unapata tofauti yake yeye, na tofauti hizo ndizo unazozifanyia kazi. Kila mtu na jozi yake.

Halafu unachagua. Tofauti zikikaa vizuri bila moja kuruka mbali na nyingine, kuna jaribio la wastani. Zikiwa na vurugu, kuna la vyeo: unazipanga kwa ukubwa, iliyo ndogo inapata cheo cha kwanza. Na kama huna uhakika na chochote, kuna la ishara, ambalo linauliza swali la mtoto: wangapi wamepata nafuu, wangapi wamezidiwa?

Mtu hatanicheka tena.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Viatu havijakauka.

Jumanne, 12 Machi

Leo kikao kidogo, sisi wanne tu: Daktari Mkuu, Kocha, Rula na mimi. Rula akasema kwa sauti yake ya kuomba radhi, "Mimi nafikiri, sijui, labda tungelinganisha wastani wa sekunde za kabla na wastani wa sekunde za baada, basi."

Nikamrukia. Nikasema, "Kaka, hayo ni makundi mawili. Hawa ni watu walewale. Kila mtu analinganishwa na nafsi yake. Kuna kipi kigumu hapo?" Tena nikachora ubaoni, kikatuni kimoja cha mtu kabla, kimoja cha mtu baada, na mstari wa kuwaunganisha. Kocha akacheka. Daktari Mkuu akasema, "Naona umejipanga."

Rula akaandika kitu kwenye daftari lake, akapigia mstari kwa rula.

Nilijisikia vizuri. Kama nimeahidi kuandika ukweli, basi niandike: nilijisikia vizuri sana.

Ijumaa, 15 Machi

Kocha amewapima watu wake kwa mara ya pili. Mama mdogo ni mmoja wao, namba tatu. Mimi ndiye niliyemvuta aingie. Hakutaka. Yeye ni fundi wa kushona, cherehani yake ni ya kukanyaga, na alisema goti analolifanyisha kazi kutwa halihitaji mazoezi ya mtu. Nikamwambia, "Mama mdogo, fanya kwa ajili yangu." Alinilea miaka sita mama alipokuwa mgonjwa, hajui kuninyima kitu.

Nilimngoja nje. Alitoka ameshika ukuta. Nikamuuliza vipi, akasema, "Aa, nimechoka tu. Nipeleke nyumbani, nina sare za watu."

Jumatatu, 18 Machi

Wote! Wote kumi na wawili!

Kocha aliniletea karatasi mbili, ya kabla na ya baada, kila moja ina namba za wagonjwa na sekunde zao. Nikaziingiza kwenye kompyuta. Daktari Mkuu alitaka jedwali safi la kuwaonyesha makao makuu, akasema, "Lisiwe na vurugu, panga kuanzia mdogo hadi mkubwa, mtu akiona aelewe." Nikaondoa safu ya namba za wagonjwa, zilikuwa zinajaza nafasi bure. Nikapanga safu ya kabla, nikapanga safu ya baada. Likawa jedwali la kupendeza, hata Rula angelipenda.

Kila mstari una nafuu. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Aliyetumia ishirini na nane sasa anatumia ishirini na sita. Aliyetumia kumi na mbili sasa anatumia kumi. Tofauti zimelingana ajabu, karibu zote sekunde mbili mbili. Nikasema huyu Kocha ni fundi kweli. Nikatumia jaribio la jozi, la wastani, kama nilivyojifunza, na jibu likaja kwamba bahati nasibu haiwezi kuleta kitu kama hiki hata mara moja katika elfu.

Nimeliangalia jedwali hilo mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 19 Machi

Nimewasilisha. Daktari Mkuu alinipa mkono. Kocha nusura acheze, akatoka moja kwa moja kwenda kuwaambia wagonjwa wake waongeze mizunguko. Kikao cha makao makuu kitakuwa tarehe tano Aprili.

Rula akauliza kama anaweza kuziona karatasi za Kocha. Nikamjibu, "Za nini? Kazi imekwisha." Akasema sawa.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua kutwa. Hakuna jipya.

Jumatatu, 25 Machi

Nimepita kwa mama mdogo baada ya kazi. Amekaa kitandani, si kwenye cherehani. Goti limevimba.

"Kocha kasema niongeze," akaniambia. "Mimi naongeza, goti nalo linaongeza."

Nikamwambia ni mwili unazoea. Kwa mdomo wangu huu. Mimi si daktari, si muuguzi, hata bandeji sijui kuifunga ikakaa.

Akasema, "Lakini mwanangu, mbona mimi naona nimezidi kuliko nilivyoanza?"

Nikamwambia, na nakumbuka nilivyotabasamu: "Mama mdogo, nimewapima wote kwa takwimu. Hakuna hata mmoja aliyezidiwa. Na wewe umo. Umepata nafuu, ni vile tu hujaiona."

Kisha akasema, "Basi sawa, nitaendelea."

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Mama mdogo hajibu simu, yuko mazoezini.

Jumanne, 2 Aprili

Ameanguka. Si vibaya, alikuwa anashuka ngazi mbili za mlangoni kwake, goti likamwacha. Jirani amemwinua. Daktari wa zamu amemwangalia, amesema mguu upumzike juu ya stuli, asikanyage cherehani mpaka uvimbe upungue, na mazoezi yasimame kabisa.

Nilikaa naye mchana wote. Nikamwambia, ajabu gani hii, na ulikuwa umepata nafuu.

Akasema, "Nafuu ipi wewe? Siku ile ya kupimwa Kocha alisema kwa sauti, ishirini na mbili. Na mara ya kwanza ilikuwa kumi na nane. Mimi najua kuhesabu, napima watu viuno kila siku."

Nikamwambia amesikia vibaya.

Jumatano, 3 Aprili

Hakusikia vibaya.

Nilifika ofisini saa moja na nusu, nimelowa, nikafungua jedwali langu zuri. Kumi na nane ya kabla ipo. Pembeni yake pameandikwa kumi na sita. Nikatafuta ishirini na mbili ya baada. Ipo. Pembeni yake, ishirini na nne.

Nilikaa pale nikaelewa polepole, kama unavyoelewa kwamba umesahau jiko linawaka nyumbani. Nilipanga safu ya kabla peke yake. Nikapanga safu ya baada peke yake. Wa haraka kuliko wote kabla nikamweka na wa haraka kuliko wote baada, wala sikuuliza kama ni mtu mmoja. Sekunde za mama mdogo nikampa mtu mwingine, na yeye nikampa nafuu ya mtu mwingine. Hakukuwa na jozi hata moja kwenye lile jedwali. Ndiyo maana tofauti zililingana! Ni wagonjwa gani hao wanaopona sekunde mbili mbili kama waliogawiwa kwa kijiko? Na mimi, mwenye kuchora vikatuni ubaoni, niliiona ajabu hiyo kwa macho yangu nikampongeza Kocha.

Nikamwomba Rula karatasi za Kocha. Alikuwa nazo, maana karatasi za mradi zikishatumika huishia kwenye faili lake. Hakuuliza kwa nini. Nikamsomea namba, yeye akaandika, kila mtu na mstari wake. Alipofika namba tatu akaandika kumi na nane, ishirini na mbili, akanyanyua macho, akaniangalia. Akayashusha.

"Wanane wamepata nafuu," akasema tulipomaliza. "Wanne wamezidiwa."

Nikamwomba asimwambie mtu. Akasema, "Si kazi yangu kusema." Kisha akaenda kuchota maji ya chai, akaniletea kikombe mimi kwanza. Nilitamani anitukane.

Alhamisi, 4 Aprili

Naandika kwa mpangilio, vinginevyo nitajidanganya.

Asubuhi nilifanya jaribio la ishara, lile la swali la mtoto. Nane kwa nne. Ukirusha sarafu mara kumi na mbili, kugawanyika kiasi hicho au zaidi hutokea karibu mara arobaini katika mia. Hakuna kitu hapo. Nikajiambia jaribio la ishara ni la kimaskini, linatupa nusu ya habari. Nikafanya la vyeo. Nane katika mia. Mpaka wetu ni tano, ikizidi hapo huwezi kusema si bahati tu. Nikajiambia afadhali, tunakaribia. Nikarudi kwenye la wastani. Kumi na moja katika mia.

Tazama nilichokuwa nakifanya. Mwezi mzima najigamba kwamba najua kuchagua jaribio. Jaribio huchaguliwa kabla hujaona jibu. Mimi nilikuwa nayajaribisha kama mtu anayejaribisha viatu dukani, kipi kitanitosha.

Saa sita mchana Rula alitoka kwenda kula. Nikajiuliza, je, kama kuna mgonjwa mmoja ambaye hakustahili kuwemo? Mtu mwenye kazi ya kukanyaga kutwa, kwa mfano. Hilo si kosa la mazoezi. Nikaweka alama kwenye mstari wa namba tatu. Nikafuta.

Nne na kidogo katika mia.

Nimemfuta mama mdogo, na mazoezi yakafaa.

Sikurudisha. Nikaandika chini ya jedwali: "Mgonjwa mmoja ameondolewa kwa sababu za kiafya." Nikasoma sentensi hiyo mara nyingi. Kila neno lake ni kweli, anaumwa kweli. Nikachapa nakala tano, nikaziweka kwenye bahasha ya kesho. Rula aliporudi nilikuwa nimeshazima kompyuta.

Naona haya hata mbele ya daftari hili.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Mgeni wa makao makuu alichelewa nusu saa, na nusu saa hiyo nilikaa na bahasha mapajani. Ningeweza kwenda kwa Daktari Mkuu, mlango wake ulikuwa wazi, namwona anasafisha miwani. Sikwenda. Sitaki mtu aje asome hapa akadhani nilijitoa kwa ushujaa.

Nikagawa nakala. Nikasema kulikuwa na marekebisho madogo, na jibu bado ni zuri. Sauti ilitoka vizuri tu. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba ilitoka vizuri.

Daktari Mkuu akapitisha kidole kwenye jedwali. "Hawa ni kumi na mmoja. Wa kumi na mbili yuko wapi?"

Rula alikuwa anaangalia dirisha. Alijua, na angenyamaza. Nikafungua mdomo kusema zile sababu za kiafya, na kilichotoka ni hiki:

"Yuko nyumbani, mguu uko juu ya stuli. Ni mama yangu mdogo."

Wote wakaniangalia. Nikasema yote, bila mpangilio, nikianzia mwisho. Kwamba nimemfuta jana mchana. Kwamba pamoja naye wanne wamezidiwa. Kwamba lile jedwali la kumi na wawili halikuwa na mtu hata mmoja ndani yake, nilizipanga safu kila moja kivyake. Kwamba alinilalamikia nikamwambia takwimu zinasema amepona.

Mgeni hakucheka safari hii. Alifunga kalamu yake akasema makao makuu hawatapeleka kitu popote mpaka kazi irudiwe, na irudiwe na mtu mwingine. Daktari Mkuu akasema, "Toka nje kidogo, tuzungumze." Nikatoka.

Kocha akanifuata kwenye baraza. Uso umemshuka. "Nimewaambia wote waongeze," akasema. "Wote. Ulisema wote, dada."

"Nilisema."

"Wale wanne ni wale walioanza na uvimbe. Ningejua ningewasimamisha mapema. Mwenyewe nilishangaa siku ile, ishirini na mbili. Halafu ulipoleta jibu nikasema, basi, labda saa yangu ina matatizo." Akakaa kwenye benchi la wagonjwa. "Hata saa nimebadilisha."

Nilimwomba radhi, akaitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kuwapigia simu wale watatu waliobaki.

Uamuzi: barua ya onyo, na kazi ya takwimu ya mradi amepewa Rula. Aliponiona ofisini akasema, "Ningependa uniangalie kazi yangu nikimaliza. Mimi sikuyasoma haya vizuri kama wewe." Hakuwa ananisimanga. Siku ile ya kwanza, alipoinamisha kichwa, sidhani tena kama alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa ananionea huruma, na mimi nikamlipa kwa vikatuni.

Jumamosi, 6 Aprili

Sikwenda kwa mama mdogo. Nimefua.

Jumapili, 7 Aprili

Nimekwenda. Mlango ulikuwa wazi. Cherehani imefunikwa shuka, sare za watu zimekunjwa juu yake. Yeye amekaa anashona vifungo kwa mkono, mguu juu ya stuli.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa utaratibu, nikashindwa mara ya kwanza, nikaanza upya. Nikamweleza zile safu mbili. Alielewa haraka kuliko watu wa kikaoni. "Kama kupanga mashati kwa ukubwa na suruali kwa ukubwa," akasema, "halafu unawapa watu bila kuangalia nani kapimwa nini."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na mimi ukanipa suruali ya mwingine."

"Ndiyo."

Nikamwambia na la pili, la kumfuta. Ningeweza kulificha, hangejua milele. Nikamwambia nilimwondoa kwenye hesabu kwa sababu bila yeye jibu lilikuwa zuri. Mkono wenye sindano ukasimama. Mimi nikawa nahesabu vifungo kwenye kikopo. Nililia. Hakunibembeleza, na nashukuru hakunibembeleza.

Kisha akauliza, "Ulinifuta, au ulifuta namba?"

Nikasema, "Nilijua ni wewe."

Akakata uzi kwa meno. Akasema, "Ningekusikitikia zaidi kama ungesema hukujua."

Nikamuuliza kwa nini aliendelea na mazoezi hali anaumia vile. Kwa nini hakuniambia nimekosea, ninyamaze, goti ni lake. Miaka yote ananiambia nyamaza kwa mambo madogo kuliko hilo.

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Goti lilikuwa linaniambia naumia," akasema. "Wewe ukaniambia nimepona. Mimi nikasema mwanangu amesoma, goti halijasoma. Nikaona goti ndilo linalonidanganya. Nilikuwa naligombeza, ujue. Asubuhi nikiinuka naligombeza, nikiliambia acha uvivu, wenzako wote wamepona."

Sikuweza kumtazama. Niliangalia goti. Limepungua kidogo, bado linang'aa kwa uvimbe.

Akaendelea na kifungo chake. Baada ya muda akasema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Haya, sasa niambie wewe. Nianze lini kukanyaga cherehani?"

Bado ananiuliza mimi. Baada ya yote haya, ananiuliza mimi, tena amenyanyua uso anangoja jibu, tayari kulifuata.

Nikamwambia, "Sijui, mama mdogo."

Akangoja kidogo, akidhani kuna maneno mengine yanakuja. Hayakuja. Akaitikia taratibu, akauweka mkono wake juu ya goti na kuuacha hapo.